Anika Godoro Kabla Hujahamia

Kuna siku moja ninayoikumbuka kila nikimwona kijana amebeba godoro, mwanangu. Nilikuwa msichana, nimetoka kwetu Machakos kuja kushona nguo katika kiwanda kimoja cha Baba Dogo, na nilikuwa nimepata kitanda katika chumba cha wasichana wenzangu wa kiwandani. Nilifika kwenye ploti ile ya vyumba vya kupanga mchana, godoro kichwani, sanduku la bati mkononi. Mwenye ploti alikuwa mama mfupi tuliyemwita Mama Nzisa. Alikaa chumba cha kwanza karibu na geti, na hakuna kitu kilichopita pale asikione. Aliponiona hakusema karibu. Alisimama akaziba njia.

"Hilo godoro limelala wapi?"

"Kwa shangazi yangu, Kariobangi."

"Basi haliingii."

Nilidhani ni mzaha wa wenyeji kwa mgeni. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanionyesha waya wa kuanikia nguo pale katikati ya ploti, akasema godoro la mgeni hukaa juani siku nzima, ligeuzwe, lipigwe fimbo. Kitanda humwagiwa maji ya moto kwenye maungio. Blanketi huchemshwa kwenye debe. Ndipo mtu aingie. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya ploti yake.

"Mama, godoro langu ni safi," nikamwambia. "Shangazi yangu ni mtu wa kanisa."

"Hata likitoka kwa askofu litaanikwa. Kunguni hajui kusali."

"Basi nitalianika kesho. Leo nimechoka. Niingie kwanza."

"Kesho kunguni wako watakuwa wameshakuwa wangu," akasema. "Vyumba hivi vimegawanywa kwa mbao, na kunguni hapigi hodi. Ukishalala humo, hatutaanika godoro lako tena. Tutaanika ploti nzima."

Kwa hiyo nikaketi juu ya sanduku langu kama mtu aliyefukuzwa, godoro langu limening'inia kwenye waya mbele ya watu wote. Mama Nzisa akaniletea chai na sahani ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, akarudi kukaa mlangoni pake akinitazama nikila. Nilikula kwa hasira, lakini nilikula.

Jioni wenzangu wakarudi kutoka zamu. Wa kwanza kuingia getini alikuwa Kalondu, msichana mrefu mwenye mwanya, na sauti yake ilitangulia kabla yake.

"Karibu jela!" akaniambia. "Wewe una bahati, una jua. Mimi nilifika siku za mawingu. Nilikaa hapo nje mpaka nikaota mizizi."

Usiku ule alinigawia kitanda chake, kichwa huku miguu kule, na tangu siku hiyo tukawa kama watu wa tumbo moja.

Nilimchukia yule mama wiki nzima, sitakuficha. Halafu nikaanza kuona mambo. Ploti ya jirani kila Jumapili ilikuwa vita. Watu wanatoa vitanda nje, wanamwaga mafuta ya taa, wanatukanana ni nani aliyeleta kunguni. Kwetu tulilala. Sikumwambia Mama Nzisa asante, maana ujana una kiburi chake, lakini alipokuja mgeni mwingine na godoro lake, ni mimi niliyemwonyesha waya.

Sasa sikukuita hapa kukuambia habari za kunguni.

Mjukuu wangu Mwende ameitwa chuo kikuu. Nimemlea hapa Dandora tangu akiwa wa kubebwa, na ni wa kwanza katika nyumba yetu kufika huko. Mimi shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo furaha yangu huwezi kuipima. Barua ilipokuja tulianza kununua vitu. Ndoo tukanunua, shuka, sufuria ndogo, pasi. Godoro likanunuliwa jipya, likaegemezwa ukutani sebuleni na nailoni yake, wageni wakawa hawana pa kukaa. Kila kitu kilikuwa tayari, ila kitu kimoja.

Ile barua ilisema wanafunzi watakaokaa hosteli wapate chanjo kabla ya kufika. Mwende alinisomea mwenyewe, nikiwa nachagua mchele, na hapo alipita mbio kama mtu anayevuka matope.

"Hapo pa chanjo, rudia," nikamwambia.

"Ah, shosh, hizo ni vitu wao huandikanga tu."

"Nimesema rudia."

Akarudia. Kisha akavuta mkono wa fulana yake akanionyesha chini ya kiwiko. "Na si nilidungwa zote nikiwa mtoi? Ona, hata alama iko."

"Alama hiyo ni ya kifua kikuu. Ulidungwa hata macho hujafungua vizuri. Wewe bado unavaa viatu ulivyovaa siku ile?"

Akacheka. Mwende huwezi kumkasirisha, ndiyo dawa yake na ndiyo sumu yake. "Sawa shosh, usipanic. Huko ndani kuna kliniki. Nifike kwanza, nitulie, alafu niende nidungwe."

Nifike kwanza. Niliweka sinia la mchele chini. Maneno hayo nilikuwa nimeyasema mimi kwa Mama Nzisa, na Kalondu akayasema kwa namna yake, na ya kwangu yalinigharimu hasira tu. Ya Kalondu yalimgharimu kitu kingine. Nikamwambia Mwende akae. Akatafuta pa kukaa, godoro limejaa sebule, akakaa chini kwenye mkeka. Nikamwambia haya ninayokuambia wewe sasa.

Mwaka wangu wa pili kiwandani, wakati wa kiangazi na vumbi, homa ya uti wa mgongo iliingia mitaa ya kwetu. Ugonjwa huo, mwanangu, hupenda mahali ambapo watu wamelala karibu karibu, wanakoholeana, wanakunywa kikombe kimoja. Sisi ndivyo tulivyoishi. Chumba kimoja, vitanda vimebanana hata mtu akigeuka mwenzake anajua. Kijana mmoja wa idara ya kufunga mizigo aliugua, na kabla hatujamaliza kuulizana anaumwa nini tukaambiwa amekufa.

Watu wa afya wakaja wakaweka meza kwenye ukumbi wa kanisa. Sindano ilikuwa bure. Utadhani tulikimbia wote. La. Sisi tulikuwa na hesabu zetu, na hesabu zenyewe ni hizi. Kiwandani tulilipwa kwa vipande. Mimi na Kalondu tulishona kola za mashati. Mkono wa kushoto ndio unaoongoza kitambaa, na sindano ile ilikuwa ikidungwa mkono wa kushoto, na waliotangulia walirudi mikono imewauma siku mbili tatu. Mkono ukiuma, vipande vinapungua. Kwa hiyo wasichana wakakubaliana kwamba mwenye akili atadungwa Jumamosi jioni, apumzike Jumapili, Jumatatu arudi kazini mzima.

"Nidungwe leo katikati ya wiki, kesho nishone na nini?" Kalondu alisema. "Na meno?"

Sote tuliona ni maneno ya busara. Ukiyasikia hata leo, si yanaingia akilini? Ndiyo maana nakwambia uogope sana sababu nzuri. Sababu mbaya mtu huiona mwenyewe akaona aibu. Sababu nzuri humlaza.

Asubuhi iliyofuata, tunafunga vitambaa kichwani twende kazini, Mama Nzisa akasimama mlangoni petu.

"Wenye kwenda kudungwa, twende."

"Jumamosi, Mwaitu," Kalondu akamjibu, maana sisi Wakamba ndivyo tunavyomwita mama. "Jumamosi nitakwenda mbio."

"Ugonjwa umekubali kungoja Jumamosi?"

Wasichana wakacheka. Mimi nikatoka nikamfuata. Usinisifu. Sikuwa na akili kuwashinda wenzangu. Nilimwogopa yule mama kuliko nilivyoiogopa sindano, basi. Mkono uliniuma kweli, na kola zangu za siku ile zilirudishwa rundo zima. Kalondu akaiinua moja juu mbele ya wote.

"Tazameni kola ya Syombua! Upande mmoja unaangalia kanisa, upande wa pili unaangalia soko!"

Tulicheka mpaka msimamizi akaja.

Lazima nikuambie kuhusu Kalondu na kuimba, maana bila hilo hutaelewa. Mashine zile zilipiga kelele, mtu akisema na jirani yake lazima apaze. Lakini Kalondu akianza wimbo ulimsikia mpaka mlango wa mizigo. Tulishona kwa mwendo wa nyimbo zake. Akiharakisha, tunaharakisha. Kwaya ya kanisa walikuwa wamempa sehemu ya kuanzisha, na kulikuwa na kijana mmoja wa besi ambaye alikuwa haanzi vizuri siku Kalondu hayupo.

Jumamosi ikafika. Siku hiyo ikaingia oda kubwa, tukashona mpaka jioni, tulipotoka meza ya chanjo ilikuwa imefungwa. "Jumamosi ijayo," Kalondu akasema. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wahenga walisema, na hawakusema ni matumbo ya mvivu tu. Kalondu hakuwa mvivu. Jumamosi ya pili akaenda kweli, akadungwa, akarudi akinionyesha mkono kama askari aliyetoka vitani.

Siku chache tu baadaye, mchana, mimi niko mashine ya pili kutoka kwake, wimbo ulikatika katikati.

"Nani amezima redio?" msimamizi akauliza, akitania.

Nikageuka. Kalondu alikuwa amejifunika macho kwa leso, mwanga wa dirisha unamchoma. Nikamwambia inamisha kichwa upumzike. Hakuweza. Shingo ilikuwa imesimama kama ya mtu aliyebeba mtungi. Aliniambia, "Syombua, kichwa kinapasuka," na akatapika juu ya kola zake.

Tulimpeleka hospitali. Sisi tuliolala naye chumba kimoja tulipewa vidonge vya kutukinga, na dobi mmoja aliyekaa ploti yetu akatuchemshia shuka zote bila kuulizwa. Kalondu alilazwa siku nyingi. Alipona, Mungu asifiwe. Lakini siku nilipokwenda kumwona, nikasimama mlangoni pa wodi nikamwita kwa jina, na hakugeuka. Nikamwita tena kwa sauti. Mgonjwa wa kitanda cha pembeni akageuka. Mgonjwa wa mwisho kabisa wa wodi akageuka. Kalondu alikuwa anatazama dirishani.

Masikio yalikuwa yamekwenda yote mawili, na hayakurudi.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana hapa ndipo vijana wa leo mnapopotezwa na simu zenu. Habari zilipofika ploti, akina mama kwenye mfereji wakasema ni ile sindano. Alidungwa Jumamosi, akaugua wiki hiyo hiyo, unataka ushahidi gani mwingine? Mmoja, Mama Wambua, akaapa kwamba hata akifungwa kamba hatakwenda. Wale waliokuwa wamepanga kwenda siku hiyo wakarudisha leso begani wakakaa. Hata mimi niliushika mkono wangu nikajiuliza nimewekewa nini humu.

Mama Nzisa alikuwa amekuja kuteka maji. Akatua ndoo yake.

"Mama Wambua, wewe ulipohamia hapa nilikuanikisha godoro?"

"Ulinianikisha."

"Mtu alale na kunguni mwezi mzima. Siku moja aanike godoro mchana, usiku ule ule aumwe. Asubuhi aseme jua ndilo limeleta kunguni. Mtu huyo utamwita nani?"

Mtu wa nyuma akasema polepole, "Mjinga."

"Mimi sijamtaja," akasema Mama Nzisa. "Jua linataka siku yake nzima ndipo lifanye kazi. Sindano nayo inataka siku zake, yule sista wa chanjo kule kanisani aliwaambia wote, mlikuwa mnamsikiliza au mnaangalia viatu vyake? Ule ugonjwa ulimkuta Kalondu dawa haijaota mizizi. Hakuletewa na sindano. Alichelewa."

Mimi nikafungua mdomo. Nilimpenda sana Kalondu, na neno lile "alichelewa" lilinichoma. "Lakini Mwaitu, yeye alikuwa na sababu. Kazi..."

Akanigeukia. Hakunipazia sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

"Kila anayechelewa ana sababu, Syombua. Wewe pia ulikuwa na yako pale getini, ulikuwa umechoka. Nilikuambia wewe ni mwongo? Nilijua umechoka. Lakini kunguni hasikilizi kesi. Mlango ni mlango. Kabla yake uko nje na una nafasi. Ukishaupita, huna." Akaokota ndoo yake tupu akaigeuza kichwa chini pale kwenye foleni. "Wenye kwenda, twende."

Wakaenda. Mama Wambua alikwenda wa mwisho, akinung'unika, lakini alikwenda. Madebe yalibaki yamepangana mbele ya mfereji, hakuna mwenyewe, maji yanadondoka.

Kalondu alirudi kazini. Alijifunza kushona kwa kusikia mashine kwenye ncha za vidole, inavyotetemeka, na kola zake zikawa nzuri kuliko zangu kama zamani. Yule kijana wa besi alimwoa msichana mwingine. Nyimbo za kiwandani ziliisha. Kanisani bado huimba mpaka leo, mstari mmoja nyuma ya watu wengine, kwa ile sauti yake kubwa, na hakuna anayemwambia.

Mwende alikuwa amekumbatia magoti pale kwenye mkeka. Anamjua Kalondu tangu utotoni, ndiye Shosho Kalondu anayekuja kutoka Tassia, anayeongea kwa sauti mpaka majirani wanajua bei ya nyanya huko kwao.

"Nilidhani alizaliwa hivyo," akasema.

"Hakuzaliwa hivyo. Alifika kwanza, akatulia, halafu akaenda kudungwa."

Akainuka akaanza kutafuta kadi yake ya kliniki.

Kesho yake tukaenda kituo cha afya, Mwende na kadi yake ya kliniki ya utotoni, iliyotafunwa pembe na panya lakini inasomeka. Nesi alikuwa msichana mdogo, umri wa kuwa mjukuu wangu, mwenye heshima. Aliangalia kadi akaonyesha zilizopo na zisizopo. Akauliza mtoto ana ugonjwa gani, kuna dawa inayomdhuru, ana mimba. Hapo Mwende alitazama ukuta. Nikamwambia, jibu, huyu si mchungaji. Akajibu hana.

Nesi akatueleza. Ya homa ya uti wa mgongo alihitaji. Ya homa ya ini ilikuwa kwenye kadi, lakini alitaka ihakikishwe. Ya pepopunda ilihitaji kuongezewa. Kuna nyingine hudungwa mara moja zikaisha, na nyingine ni lazima urudi baada ya muda, ukikosa kurudi ni kama hukumaliza kuezeka. Na baada ya sindano mwili unataka kama wiki mbili hivi kujijenga. Nikamwuliza kama tumechelewa.

"Mngekuja barua ilipofika ingekuwa vizuri zaidi, shosho," akasema. "Lakini mmekuja kabla hajahamia. Hilo ndilo kubwa. Na wewe, pepopunda ulidungwa lini mara ya mwisho?"

Nikamwambia wakati huo mama yake Mwende hajazaliwa. Akaniambia nikunje mkono wa gauni. Mwende alicheka siku hiyo mpaka machozi, nami nikakunja mkono, maana mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na kumbe mchelea sindano naye ni vivyo hivyo.

Tuliporudi, jirani yangu wa ghorofa ya chini akatuona na pamba mikononi. Akanivuta pembeni. Eti ameona kwenye simu kwamba sindano hizo huwafunga wasichana wasizae. Nikamwambia mimi nilidungwa Baba Dogo nikiwa mwali, nikazaa watoto sita, na wanne kati yao wananisumbua mpaka leo. Kama kuna sindano ya kufunga, angenionyesha mapema. Akaenda zake.

Mkono ulimuuma Mwende siku mbili. Alilalamika, nikamkanda, ukapona. Siku moja nikamwambia atoe lile godoro kwenye nailoni alipeleke juu tunakoanika nguo.

"Shosh! Godoro ni jipya!"

"Hata likitoka kwa askofu."

Akalibeba.

Juzi, zimebaki siku chache aende, Kalondu akaja kumuaga. Alimkuta Mwende anafunga mizigo. Akatazama ndoo, akatazama shuka, akaliminya godoro kwa vidole kama anavyofanya kwa kila kitambaa. Kisha akamtazama Mwende usoni, kwenye midomo, ndivyo anavyosikia.

"Umedungwa?" akauliza, na nadhani ghorofa nzima iliulizwa.

Mwende hakujibu kwa mdomo. Alivuta mkono wa fulana akaonyesha bega, halafu akainua vidole viwili na nusu, wiki mbili na siku kadhaa. Kalondu alikishika kile kidole cha nusu kilichokunjwa, akakinyoosha, akacheka. Akamwambia, "Basi nenda. Nenda ukaimbe."

Mwanangu, nimefika mwisho wa maneno yangu, na nitakuachia bila mapambo. Siku barua yako ya chuo itakapofika, kabla hujauliza bei ya godoro, uliza habari ya chanjo. Beba kadi yako ya utotoni, na kama imepotea, nenda hivyo hivyo useme imepotea, hutafukuzwa. Uliza kwa nesi au daktari, usiulize kwa jirani wala kwa simu. Ukiambiwa urudi, rudi. Usiuambie ugonjwa ukungojee mpaka mitihani iishe, mpaka sherehe ipite, mpaka mkono upate nafasi ya kuuma. Watu husema ajali haina kinga. Ni kweli, lakini ugonjwa huu si ajali, kinga unayo, nayo hufanya kazi ikitangulia. Na ukishafika huko hosteli, usijione chuma. Kikombe chako kiwe chako. Ukiona mwenzako ana homa kali, kichwa kinampasua, shingo imekaza, mwanga unamchoma macho, usimfunike blanketi umwambie atapoa. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama amechanjwa, hata kama ni wewe.

Ukifanya hivyo utakuwa umewaanikia na wenzako, watu usiowajua bado, watakaolala ukuta wa pili.

Nyanya yangu mimi angekubariki kwa kukutemea mate kifuani, ndivyo wazee wetu walivyofanya. Baada ya haya yote niliyokuambia, mimi nitakubariki mdomo mkavu. Uende salama, ulale salama. Masikio yako yasikie kengele, yasikie walimu, yasikie wimbo tangu neno la kwanza. Na siku utakayorudi, nikikuita pale mlangoni kwa jina lako, ugeuke.